Fangasi wa ukucha wa mama: usimfunge kitunguu saumu

Dada, pole kwa kuuguza. Umesema ukucha wa kidole gumba cha mguu wa mama umekuwa mnene, wa njano, unamomonyoka kama chaki, na jirani amemshauri alale amefungwa kitunguu saumu kilichotwangwa. Tafadhali mzuie. Kitunguu saumu kibichi kikikaa juu ya ngozi huiunguza hadi ikatoa malengelenge, na mama, ulivyoandika, ana sukari. Mtu wa sukari anaweza kuungua mguu asihisi. Kwa hiyo yeye aanze kliniki, wauone mguu na ikibidi wapime ukucha, maana si kila ukucha mnene una fangasi.

Wewe uliyeambukizwa kidogo unaweza kujaribu mafuta ya mti wa chai, ule wa Australia, si chai ya kunywa. Utafiti wa 1994 uliyalinganisha na klotrimazoli, dawa ya fangasi ya kupaka, mara mbili kwa siku kwa miezi 6, na matokeo yakakaribiana. Lakini walipona kabisa wachache, pande zote mbili. Kata ukucha, piga tupa taratibu sehemu iliyonenepa, kausha vizuri katikati ya vidole, ndipo upake. Ukiwashwa, acha. Siki, kama ulifikiria kuijaribu, sina imani nayo sana.

Usikate tamaa mapema: ukucha wa mguu huota kama milimita moja na nusu kwa mwezi, hivyo kupata mpya wote ni mwaka au zaidi. Angalia pale shinani, ukiona unaota msafi, inafanya kazi. Na tupa hiyo ya kucha, msitumie moja na mama.