Ule muziki uliouona kwenye TV ya chogo: pa kuanzia kuutafuta

Mtu akiniambia anatafuta bendi aliyoiona "ITV mwaka 1987", wimbo siuulizi kwanza. Nauliza antena ya nyumba ile ilikuwa na urefu gani.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, vituo vya binafsi vilipoanza kurusha Dar es Salaam, ITV kikiwa kimojawapo. TVT ya serikali ilikuja karibu na mwaka 2000, nayo ndiyo iliyozaa TBC1 ya leo. Kwa hiyo picha iliyoingia sebuleni Magomeni mwaka 1987 ilikuwa na njia mbili tu. Ya kwanza ni TVZ ya Zanzibar, iliyokuwa ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, na huku pwani waliinasa wenye antena iliyofungwa juu ya bomba refu, chenga zikiwemo. Ya pili ni deki. Mtu akikumbuka kwamba walilipa kiingilio, alikuwa kwenye kibanda cha video, na alichokiona hakikuwa matangazo bali kanda, ambayo hutafutwa kwingine kabisa.

Mwaka watu huukosea sana. "Enzi za Mzee Ruksa" haitoshi, maana Rais Mwinyi alitawala tangu 1985 hadi 1995, TVZ na ITV zote zimo humo. Nyumba, hata hivyo, ni nadra mtu kuikosea. Ndiyo maana nauliza: mlikuwa kwa nani? Mliketi kwenye mkeka au kwenye makochi? Mdogo wako alikuwa ameshaanza shule?

Shangazi yangu ndiye aliyeniingiza kwenye kazi hii. Alichokuwa nacho ni mpiga saksafoni aliyepuliza akiwa amekaa, mashati ya kitenge ya sare, na nusu ya kiitikio. Mwaka alikuwa akiubadilisha kila tukikaa. Lakini alijua kwamba TV ilikuwa ya mama mwenye nyumba, na kwamba wao walihamia Temeke kabla Mkapa hajaapishwa. Hapo dirisha likawa dogo: ama TVZ, ama ile miezi ya mwanzo ya vituo vya Dar. Antena? "Fupi, ya ndani, ya masikio mawili." Basi Zanzibar tukaiondoa.

Ukishabana muda, hamia kwenye bendi. Majina ya bendi zetu ni kalenda ya bure. Bendi ya chama cha wafanyakazi ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma, na kila jina lina miaka yake. Jina mara nyingi liliandikwa kwenye dramu kubwa, kwa hiyo muulize anayekumbuka kama aliliona, hata herufi moja. Wanamuziki nao wanasaidia kwa sababu walihama sana. Marehemu Muhidin Gurumo alitoka NUTA, akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park, yaani Sikinde, mwaka 1978, akaondoka 1985 kwenda Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Mtu akikwambia alimwona Gurumo kwenye TV akiwa mwanamuziki wa Sikinde, si mgeni jukwaani, jiulize: bara hatukuwa na TV miaka hiyo, sasa kamera ilikuwa ya nani? Sikiliza pia mwimbaji anaita mtindo gani. "Ogelea piga mbizi" ni Maquis, "Pamba Moto" ni Vijana Jazz.

Kuna mtego mmoja ambao umewapotezea watu muda mwingi. Nyimbo nyingi za dansi tunazozijua zilirekodiwa studio za Redio Tanzania, Barabara ya Pugu, na tulizisikia redioni miaka kabla ya kuziona. Kichwani sauti ya redio imeshaungana na picha ya TV. Leo ukitafuta YouTube utapata ile sauti ya Redio Tanzania imebandikwa juu ya picha za bendi nyingine, wakati mwingine hata za nchi nyingine. Tazama midomo na vidole. Gitaa likilia huku mkono umetulia, funga, endelea. Na usitafute jina la mwanamuziki kwa tahajia moja: Bitchuka na Bichuka, Remmy na Remi, Marijani na Marijan. Aliyepandisha video huenda aliandika "zilipendwa live" tu, basi.

Kuhusu vituo vyenyewe, sitakuvunja moyo ila sitakudanganya. Kanda zilikuwa ghali, na kufuta kipindi ili kurekodi kingine lilikuwa jambo la kawaida, si hapa kwetu tu. Ukienda, nenda na barua yenye miezi, siyo "miaka ya tisini". Ratiba za vipindi zilichapwa magazetini, kwa hiyo siku moja Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, au kitengo cha East Africana pale Chuo Kikuu, itakupa jina la kipindi. Barua yenye jina la kipindi husomwa tofauti.

Mimi nina imani zaidi na makabati ya vyombo. Mwenye deki mwaka 1994 alikuwa anarekodi kila kitu, na hakuwa na bosi wa kumwambia afute. Kanda ya shangazi tuliipata kwa kijana wa mama mwenye nyumba, siku hizi ni babu, imeandikwa HARUSI USIFUTE. Harusi ilikuwa imefutwa nusu, ikafuata mieleka, kisha ile bendi, kisha mpira ukaingia katikati ya kiitikio. Shangazi alikasirikia mpira kana kwamba ulichezwa jana.

Ukipata kanda ya namna hiyo usiitumbukize kwenye deki kwa pupa. Joto na unyevu wa Dar huotesha ukungu, na ukiona weupe kwenye kingo za utepe, mpelekee fundi anayejua kusafisha, la sivyo utepe utakatika na deki itachafuka. Mwambie ahamishe kanda nzima. Kanda ya E-180 ni saa tatu, na kuihamisha ni saa tatu zilezile, kwa hiyo atataka kukukatia wimbo tu. Kataa. Matangazo ya biashara na kipande cha habari kabla ya wimbo ndivyo vitakavyokupa tarehe.

Baada ya hapo watafute wazee wa bendi walio hai. Shikamoo kwanza, na usiende mikono mitupu. Usiwaulize "mnakumbuka kipindi hiki?" Wawekee video na umwombe mmoja ataje majina kutoka kushoto kwenda kulia, wewe ukiandika. Wakibishana, andika majina yote mawili.

Faili langu la ile kanda limeitwa kwa jina la bendi, kituo, halafu "labda 1994–1995". Hiyo "labda" naiacha mpaka atokee mtu mwenye gazeti.