Bahari sebuleni Njiro: shughulika na maji kwanza

Mama alipokuja kunitembelea kutoka Tanga, alilitazama tangi sebuleni kisha akauliza, "Mwanangu, maji yote haya ya bahari umeyabeba na nini?"

Sikuyabeba. Nimeyatengeneza hapahapa Njiro, kwenye pipa la plastiki. Ukitaka kufuga samaki na matumbawe Arusha, kazi yako kubwa ni hiyo. Samaki ni mambo ya mwisho.

Usitumie maji ya bomba wala ya kisima. Floridi ya huku tunaijua, meno yetu ya kahawia ni ushahidi. Maji ya bahari yenyewe yana kama miligramu 1.3 za floridi kwa lita, na visima vingi vya Arusha vinapita hapo. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floridi inabaki. Nunua mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando mwembamba na kuacha madini nje, au elewana na mtu anayechuja maji ya kuuza.

Kwenye maji hayo unatia chumvi maalumu ya matumbawe, gramu 35 hivi kwa kila lita. Chumvi ya jikoni haifai, maana matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu, na humo haimo. Acha pampu ndogo ikoroge mpaka kesho yake, maji yafike nyuzi 25, ndipo upime kwa refraktomita, kifaa cha kupima chumvi kwa kulinganisha uzito wa maji yako na maji matupu (1.000). Ikisoma 1.025, safi.

Hapa ndipo nilipoumia. Kiangazi maji yalikuwa yanapungua kila siku, nami kila siku naongeza maji ya chumvi, si ni bahari bwana! Kumbe kinachoruka ni maji matupu, chumvi inabaki palepale. Nilipokuja kupima, 1.032. Konokono walikuwa wamejifungia kwenye magamba yao, na kamba wangu mmoja, mwenye mistari myekundu, amelala ubavu nyuma ya jiwe. Siku hizi nimebandika utepe kwenye kioo usawa wa maji. Kila asubuhi kabla ya chai naongeza maji ya RO yasiyo na chumvi mpaka yaguse utepe.

Tangi langu lilitengenezwa na fundi wa vioo: lita 200, kioo cha milimita 10. Tulilijaza maji uani siku tatu kuona kama linavuja. Likiwa na mawe linapita kilo 250, kwa hiyo meza ya tivii isahau.

Mawe yakishaingia, subiri wiki nne hadi sita. Mimi nilitupia kipande cha kamba mbichi kioze, bakteria wapate chakula. Amonia, sumu inayotokana na uozo, inapanda, halafu bakteria wanaigeuza nitriti, nayo ni sumu, na zote mbili zikisoma sifuri ndipo unafikiria samaki.

Julai usiku baridi ya huku haina mzaha, na umeme ukikatika hita nayo imelala. Weka blanketi karibu la kuzungushia kioo, na pampu ya hewa ya betri. Mita 1,400 juu ya bahari hewa ni nyepesi, oksijeni kwenye maji ni kidogo kuliko Tanga. Uso wa maji usitulie.

Halafu usimtume binamu akuvunjie tumbawe pwani. Ni kosa kisheria, na njiani litakufa tu. Anza na matumbawe laini ya kufugwa, kutoka kwa muuzaji mwenye vibali.

Mimi samaki niliwaweka wiki ya saba, wawili tu, wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mama aliwatazama weee, akasema kwao Tanga hawa hata kitoweo hawatoshi.