Fomu ilisema asilimia 100, mizani ikasema vingine

Kifuniko cha mtindi ndicho kilichonifunza ukaguzi, na nasema hivyo nikiwa na vyeti viwili vya ukaguzi kwenye droo.

Nafanya kazi katika nyumba ya wazee hapa Adelaide, Australia. Nilianza kama wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki na Kongo: kuogesha, kuvalisha, kubadilisha pampasi, kumgeuza mtu kitandani saa nane za usiku. Baadaye nikapewa kazi ya kusimamia ubora, yaani mimi ndiye ninayezunguka na fomu kuuliza kama mambo yanakwenda inavyotakiwa. Najua wengi mnaonisoma mko kwenye zamu hizi hizi, na baadhi yenu mmeanza kukabidhiwa fomu hizo. Naandika ili msirudie kosa langu.

Mwezi wangu wa kwanza nilikagua lishe. Fomu ilikuwa na maswali 12. Mkazi amepimwa uzito mwezi huu? Ndiyo. Ana mpango wa lishe kwenye faili? Ndiyo. Muuguzi ameusaini? Ndiyo. Nikachukua mafaili 10, nikatia tiki zangu, ikatoka asilimia 100. Meneja akafurahi, na mimi nikajiona nimeiva.

Wiki ile ile binti wa mkazi mmoja alinisimamisha kwenye korido. Alitaka kujua nani amemfungia mama yake uzi kwenye pete ya ndoa. Nikaenda kuangalia. Kweli, pete ilikuwa imezungushiwa uzi upande wa ndani ili isidondoke. Mmoja wetu aliona kidole kimekonda, akatafuta uzi, akamaliza tatizo la pete. Nikarudi kwenye faili, lile lile nililolitia tiki: Machi kilo 58.2, Aprili 56.9, Mei 55.1. Hakuna mwezi ulioachwa wazi. Bibi alikuwa anateketea mbele yetu, na kazi yetu ikawa kumwandika.

Kilo 3.1 kati ya 58.2 ni zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi mitatu. Kwa sheria za hapa hicho ni kipimo kinachohesabika. Tangu Julai 2019 kila nyumba inayopata ruzuku ya serikali hupeleka takwimu kila miezi mitatu. Zilianza tatu tu: vidonda vya kulalia, kumzuia mtu kwa kumfunga au kumfungia, na kupungua uzito bila kukusudiwa. Mwaka 2021 ikaongezwa hesabu ya walioanguka na ya dawa, ikiwemo wangapi wanameza dawa 9 au zaidi, na wangapi wanapewa dawa za magonjwa ya akili. Aprili 2023 orodha ikarefuka tena. Kwa hiyo bibi angefika Canberra, serikalini, akiwa namba. Lakini namba hiyo ingeondoka hapa baada ya robo mwaka kwisha, na mchana wa kesho yake angeletewa sahani ile ile.

Hili si jambo geni hapa mjini kwetu. Mwaka 2017 kituo cha Oakden, cha wazee wenye shida ya akili, kilifungwa baada ya familia moja kukataa kunyamaza na uchunguzi kuonyesha jinsi wazee walivyokuwa wakitendewa. Kituo hicho kilikuwa na ithibati, yaani kibali rasmi kwamba kimefikia viwango. Wakati ule vipengele vya kukaguliwa vilikuwa 44, na kwenye karatasi kilikuwa kimevipita vyote. Mwaka uliofuata ikaundwa Tume ya Kifalme, uchunguzi wa ngazi ya juu kabisa hapa, kuchunguza huduma za wazee nchi nzima, na ripoti yake ya mwisho ya 2021 ikaja na mapendekezo 148. Mtu akiniambia ukaguzi wetu uko sawa kwa kuwa tiki zimejaa, huwa nakumbuka zile 44.

Daktari mmoja mzaliwa wa Beirut, Avedis Donabedian, aliandika mwaka 1966 kwamba ubora wa huduma unaangaliwa kwa pande tatu: vitu ulivyonavyo, mambo unayoyafanya, na matokeo kwa mgonjwa. Sikuhitaji kusoma zaidi ya hapo kujua nilipokosea. Maswali yangu 12 yote yalikuwa ya upande wa kwanza na wa pili. Hakuna lililouliza: je, amekula?

Basi nikaenda kukaa.

Ushauri wangu mkubwa ni huo tu, mengine yote ni nyongeza: kabla hujafungua faili, nenda ukakae pale jambo linapotokea, dakika 50 nzima, bila kusaidia na bila kuongea. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Mikono yetu imezoea kufanya, na kukaa tu huku mzee anahangaika ni kama utovu wa adabu. Mimi nililelewa Tanga, ambako mkubwa hata kumpita bila shikamoo ni kosa. (Jambo la hatari usilitazame tu, inuka. Lakini liandike kwanza kichwani.) Waambie wafanyakazi mapema kwamba huwakagui wao, unakagua mlo wa mchana. Hawatakuamini siku ya kwanza. Siku ya tatu watakuwa wamekusahau.

Niliyoyaona ni haya. Saa 6:05 chakula kimefika, wazee 14 mezani, wasaidizi watatu. Saa 6:15 wawili wameenda mapumziko, maana ratiba ndivyo inavyosema. Muuguzi yuko na toroli la dawa, na anayepewa dawa huacha kijiko. Bibi wa pete ana nyama, viazi, na kopo la mtindi lenye kifuniko cha karatasi ya fedha. Anakijaribu kwa ukucha. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi. Anaigeuza kopo, anajaribu kwa upande wa kisu, anaiweka chini. Anaangalia kulia, anaangalia kushoto, kisha anafanya kitu kilichoniumiza: anaisogeza mbali kidogo na kukunja mikono mapajani, kama mtu aliyeshiba. Saa 6:40 sahani inaondolewa. Saa 8:50, zamu ikikaribia kwisha, msaidizi anajaza fomu za chakula za watu 14 kwa kukumbuka. Bibi ameandikiwa: amekula nusu.

Aliyeondoa sahani ni kijana wa jikoni, wa Bukavu. Nilimfuata taratibu baadaye. Akaniambia, "Dada, mimi naambiwa sahani zote ziwe jikoni kabla ya saa saba. Nikimngoja bibi, mashine ya kuoshea inachelewa, na mimi zamu inaisha saa nane." Miezi mingi alikuwa ameona ni nani hurudisha sahani imejaa. Alijua kwa majina. Hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa sababu kwenye chati yetu jikoni si "huduma". Ukikagua lishe bila kuongea na anayeosha vyombo, umekagua karatasi. Ukikagua usingizi bila zamu ya usiku, ni vile vile. Wafagiaji nao wanajua mkojo unamwagika chumba gani na saa ngapi.

Na wazee wenyewe? Waulize, lakini si "chakula kizuri?" Hicho ni kizazi kilichofunzwa kutolalamika, watasema kizuri sana, asante. Uliza kitu kilichotokea: "Jana usiku ulipobonyeza kengele, ikawaje?" Kisha nyamaza. Ile sekunde ya tano ya ukimya ndiyo inayoleta jibu.

Tulipokaa kikao, pendekezo la kwanza lilikuwa lile linalotolewa kila nyumba ya wazee duniani: wafanyakazi wakumbushwe. La pili: wapewe mafunzo. La tatu: bibi aandikiwe kinywaji cha kuongeza lishe. Nilikubali la tatu, kikaja, kichupa kidogo chenye kifuniko cha kuzungusha. Sikujua nicheke au nilie.

Sina ugomvi na mafunzo. Lakini ukiona mpango wa uboreshaji wenye neno "kukumbushwa" mara tatu, ujue hakuna kitakachobadilika. Wasaidizi wetu walikuwa wanajua wazi kwamba mzee asiyeweza kufungua kopo afunguliwe. Walikuwa hawapo. Sheria inataka dakika 215 za huduma kwa kila mkazi kwa siku kwa wastani, 44 kati ya hizo za muuguzi aliyesajiliwa, tangu Oktoba 2024. Kwenye hesabu zetu zilikuwapo. Swali ni ngapi kati yake zilikuwa mezani saa 6:20.

Tukajaribu kitu kidogo makusudi: meza moja, wiki moja. Msaidizi mmoja anakaa kwenye kiti na wazee, hasimami, dakika 20 za mwanzo, na kila kinachofungwa anakifungua. Mapumziko yanasogezwa mpaka saa saba kasoro kumi. Jikoni wanaanza kuosha vyombo vya upande wa pili, wetu wanasubiri. Fomu inajazwa sahani ikiwa bado mezani. Siku ya pili tukakwama: dawa za mchana. Muuguzi alisema zipo zinazotakiwa kumezwa pamoja na chakula, na alisema kweli, kwa hiyo tukazitenga hizo na zilizobaki zikasubiri watu wamalize. Ukianza na nyumba nzima kwa mpigo, tatizo kama hilo linaua mpango wote na watu wanasema si tulikwambia. Kwa meza moja linakuwa jambo la Jumanne tu.

Halafu lipo jambo ambalo nisingelijua kama yule msaidizi asingekaa kiti cha jirani. Bibi alikuwa anatafuna upande mmoja. Meno yake ya bandia yalikuwa yamelegea, na yalilegea kwa sababu amekonda, na alizidi kukonda kwa sababu yamelegea. Faili lilisema: ana meno bandia, ndiyo.

Kuhusu mizani yenyewe, maana hapa watu wengi hukosea: mpime mtu kwa mizani ile ile, saa zile zile, na nguo za uzito unaolingana. Tulikuwa na mizani mbili, ya kiti na ya mashine ya kunyanyulia, na zilitofautiana karibu kilo nzima. Ukibadilisha mizani katikati ya mwezi unaweza kumnenepesha mtu kwa kalamu.

Mtakutana pia na hofu ya namba kupanda. Tulipoanza kuandika vizuri, hesabu za kupungua uzito na za kuanguka zote zilipanda robo ile. Meneja alishika kichwa, na namuelewa: tangu Desemba 2022 kila nyumba ina nyota zake za ubora hadharani, familia zinalinganisha kama hoteli. Nilimwonyesha jambo moja tu. Walioongezeka kwenye hesabu ya kuanguka wengi hawakuumia. Walioumia walibaki idadi ile ile. Maana yake si kwamba watu wameanza kuanguka, ni kwamba sisi tumeacha kuwanyanyua kimya kimya. Nyumba yenye sifuri kila mwezi ndiyo inayonitia wasiwasi.

Wakaguzi wa serikali nitasema kwa ufupi. Kabla ya Julai 2018 ukaguzi wa kuhuisha ithibati ulikuwa na tarehe, ikawa mgeni njoo mwenyeji apone: maua mapya, vitambaa vya meza, meneja na tai. Sasa wanafika bila taarifa. Na tangu Novemba 1, 2025, sheria mpya ya wazee ilipoanza kazi, viwango vya ubora vimekuwa 7, na chakula na lishe kimepewa kiwango chake peke yake, cha 6. Msiwajazie watu majibu ya kukariri. Msaidizi anayeweza kusema "tuliona hivi, tukajaribu hivi, hili limeshindikana" anaaminika kuliko folda yenye rangi. Sisi wa Kiswahili tuna tabia ya kumficha mgeni jiko. Kwa wakaguzi, waonyesheni jiko.

Juni bibi alikuwa kilo 54.8. Niliiangalia namba hiyo muda mrefu. Daktari wa meno alikuwa hajaja bado. Julai ikawa 55.6, na mtindi anafunguliwa, ingawa amegundulika hapendi ladha ya peichi na alikuwa anaona aibu kusema. Uzi kwenye pete bado upo. Binti yake ameuliza kama autoe, nikamwambia asubiri Septemba.

Upande wa pili wa jengo wameniambia vifuniko kwao si shida, wana shida na chai ya saa tisa. Nimeomba kiti karibu na dirisha, Alhamisi.