Baiskeli ya Peugeot ya zamani mtumbani: ichukue, ila soma hii kwanza

Mkuu umeuliza kwanini watu wanaacha baiskeli za fremu ya kaboni wanahangaika na za chuma za miaka ya 70, na kama hiyo baiskeli ya Peugeot uliyoiona mtumbani uichukue. Mimi ninayo, niliitoa kwenye mtumba hapa Dar miaka 6 iliyopita, nyeupe imekwaruzika kila mahali ila stika ya Reynolds 531 (aina ya mabomba ya chuma ya fremu) ilikuwa inasomeka nusu, mwili ukanisisimka kabisa, maana Mfaransa Thévenet alivyompiga bingwa Merckx kwenye mbio za Tour de France za 1975 alikuwa timu ya Peugeot na mabomba ya 531 ndo yalikuwa yanatamba enzi zile.

Sasa hapa kuwa makini. Fundi wa kwanza alizoea nyuzi za skrubu za Kiingereza, kikombe cha krenki (kinachoshika ekseli ya pedeli ndani ya fremu) upande wa cheni unakizungusha kulia ndo kinafunguka. Peugeot nyingi za miaka hiyo zina nyuzi za Kifaransa, unafungua kwa kuzungusha kushoto pande zote mbili. Yeye akachomeka bomba kwenye spana akakandamiza kulia, kumbe anazidi kukaza, kingo za kikombe zikalika, niliumia sana aisee. Nikampelekea mzee mmoja, akaweka oili ikalala usiku kucha, asubuhi akakizungusha kushoto taratibu kikaachia. Gololi za ndani bado zinang'aa!

Utamu wenyewe uko kwenye gia. Vishikio viko kwenye bomba la chini la fremu, havina zile klik klik, unashusha mkono unasogeza kidogo huku unasikiliza, cheni ikilia krrr unarudisha nywele moja mpaka inyamaze, ukishazoea mkono unajua wenyewe hata hufikirii. Ndo maana kule Gaiole, Italia, tangu 1997 watu wanakusanyika kwenye L'Eroica, tamasha la baiskeli za zamani, kupiga barabara nyeupe za kokoto, na sheria ni baiskeli ya zamani, vishikio vya gia kwenye fremu, nyaya za breki zipite nje ya usukani, pedeli za mikanda. Natamani sana kufika siku moja na hii yangu.

Ukienda kuiangalia pitisha kidole kwenye maungio ya fremu utafute ufa, halafu legeza nati ya siti ujaribu kuizungusha nguzo yake, maana alumini ikikaa ndani ya chuma miaka 40 inang'ang'ania na kuitoa ni shughuli. Ikizunguka na fremu haina ufa, lipa uondoke nayo siku hiyohiyo.