Nafasi ya mwanafunzi haipimwi kwa asilimia ya chuo

Ukianza kazi ya kuwashauri wanafunzi wanaoomba vyuo vikuu vyenye ushindani mkali, hutakaa muda mrefu kabla ya kuulizwa: "Nina A masomo yote na SAT 1540. Nafasi yangu Harvard ni asilimia ngapi?" (SAT ni mtihani wa kujiunga na vyuo vya Marekani, na alama zake za juu kabisa ni 1600.) Usimjibu kwa asilimia. Namba anayoitaka haipo popote, na ukimtungia ataishi nayo miezi yote ya kusubiri majibu.

Mwonyeshe kwanza yaliyowekwa wazi mahakamani. Kesi dhidi ya Harvard kuhusu kuzingatia rangi ya mwombaji kwenye udahili, iliyosikilizwa mwaka 2018, na kuhitimishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 2023, ilitoa takwimu ambazo kila mshauri anapaswa kuzijua. Walioomba kuingia darasa la kuhitimu mwaka 2019 walikuwa takriban 35,000, wakakubaliwa kama 2,000. Kati ya waombaji hao, zaidi ya 8,000 walikuwa na wastani kamili wa alama za shule, takriban 3,400 walipata alama zote za hesabu kwenye SAT, na takriban 2,700 alama zote za upande wa lugha. Mwanafunzi akiziona namba hizi anaelewa mwenyewe kwamba alama zake zinamfikisha mlangoni tu.

Kisha tenganisha makundi, kwa sababu hapa ndipo washauri wapya wengi wanapopotea. Waliokubaliwa 2,000 kati ya 35,000 ni karibu asilimia 5.7. Lakini kesi ileile ilionyesha kwamba wanamichezo wanaotafutwa na makocha, watoto wa wahitimu, watoto wa wahadhiri na wafanyakazi wa chuo, na walio kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili walikuwa chini ya asilimia 5 ya waombaji, ilhali walichukua karibu asilimia 30 ya nafasi. Waondoe hao kwenye hesabu. Wanabaki kama 1,400 waliokubaliwa kati ya 33,000 na kidogo, yaani karibu asilimia 4.2. Hiyo ndiyo foleni aliyomo mwanafunzi wako, na bado hujauliza uraia wake wala uwezo wa familia yake.

Uliza mapema. Harvard, Yale, Princeton na MIT haviangalii uwezo wa kulipa wakati wa kuamua nani akubaliwe, hata kwa mwombaji kutoka nje ya Marekani. Vyuo vingi vingine huangalia, hasa kwa wageni. Kwa hiyo vyuo viwili vyenye asilimia ileile ya udahili vinaweza kuwa na maana tofauti kabisa kwa kijana anayehitaji ufadhili mkubwa.

Baada ya hapo fungua taarifa iitwayo Common Data Set, ambayo vyuo vingi vya Marekani huitoa kila mwaka, uende sehemu ya C. Kipengele cha C7 kinaeleza chuo kinazipa uzito gani alama, insha, barua za walimu, shughuli za nje ya darasa na hata hamu ya mwombaji ya kujiunga na chuo hicho. C9 kina alama za mtihani za waliojiunga: robo ya chini iliishia wapi, robo ya juu ilianzia wapi. Ukisoma C9, angalia ni wangapi walioleta alama. Pale ambapo mtihani ni hiari, wenye alama za kawaida hunyamaza, na namba zinaonekana kubwa kuliko darasa lenyewe. MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022. Dartmouth, Yale, Brown na Harvard vikatangaza kuurudisha mwaka 2024.

Halafu soma faili la mwanafunzi kama msomaji wa kamati ya udahili atakavyolisoma. Yeye haanzi na swali la alama ngapi. Anauliza: shule hii ilikuwa na masomo gani, na huyu alichagua yapi? Aliyejisomea kalkulasi mwenyewe kwa kuwa shule haikuwa na mwalimu wake ana hadithi nzito kuliko aliyepata A hiyohiyo mahali ambapo kila mtu huisoma. Kwenye shughuli za nje ya darasa, nina swali moja ninaloliamini kuliko yote: "Wewe usingekuwepo, nini kisingefanyika?" Mwenye orodha ya vilabu kumi atababaika. Aliyeandika programu ndogo ya kupanga zamu za maktaba, na shule bado inaitumia, atakujibu papo hapo, tena kwa undani ambao utaifaa insha yake.

Oxford na Cambridge, vyuo vya Uingereza, ni habari nyingine. Huko unaomba somo, na kinachopimwa ni somo hilo: alama, mtihani wa kujiunga kwa kozi nyingi, na usaili. Unahodha wa timu haumsaidii mwombaji wa hisabati.

Sasa kosa la hesabu ambalo wazazi hulipenda sana. Wanasema: chuo kimoja kinakubali asilimia 5, basi akiomba kumi atapata angalau kimoja. Hata kwenye karatasi haiji hivyo; kama maamuzi yasingehusiana kabisa, uwezekano wa kupata angalau kimoja ungekuwa karibu asilimia 40. Na maamuzi yanahusiana. Barua ni zilezile, insha kuu ni ileile, na udhaifu uliomwangusha kwenye faili la kwanza umo pia kwenye la kumi. Kuongeza vyuo vya aina moja huongeza uchovu na ada za maombi kuliko matumaini.

Kwa hiyo toa jibu kwa maneno: "mbali", "inawezekana", "karibu uhakika". Chuo kinachokubali chini ya 10 kati ya 100 kiite "mbali" kwa kila mtu, hata mwanafunzi bora uliyewahi kukutana naye. Anza kuijenga orodha kutoka chini, na vyuo ambavyo angeenda kwa furaha na familia ingeweza kuvilipia.

Zungumza na mzazi kuhusu fedha kabla ya tarehe 1 Novemba, ambayo kwa vyuo vingi ndiyo mwisho wa maombi ya mapema. Katika vyuo kama Brown, Columbia na Cornell, maombi hayo ni ahadi: akikubaliwa, anakwenda. Anaweza kuachiliwa kama msaada wa fedha hautoshi, lakini wakati wa kuamua hatakuwa na ofa nyingine mkononi. Asilimia za mapema huvutia, ingawa ndani yake wamo wanamichezo wengi waliokwishachaguliwa. Familia inayohitaji kulinganisha misaada ya vyuo viwili au vitatu, mtoto wao aombe kwa tarehe ya kawaida.