Majibu kwa Wasomaji: Mwili, Kazi, Nyumba na Mfuko Baada ya Miaka 40

SWALI: Mimi ni mhasibu mwenye umri wa miaka 44. Nimeajiriwa katika kampuni moja iliyoko Upper Hill, na ninaishi Roysambu pamoja na mke wangu, ambaye ni mwalimu, na watoto wetu watatu. Huondoka nyumbani saa kumi na moja na robo alfajiri ili niukwepe msongamano wa Thika Road, na mara nyingi hurudi saa mbili usiku, mtoto mdogo akiwa ameshalala. Mshahara wangu ni shilingi 150,000 kwa mwezi, lakini baada ya ushuru, makato mengine ya kisheria, na akiba na mkopo wa Sacco niliochukua ili kujenga nyumba Joska, kinachofika mkononi ni kama 61,000. Ujenzi umekwama kwenye linta. Kifungua mimba wetu ameingia Gredi ya 10 katika shule ya bweni, pango la nyumba ni 28,000, na kila mwezi huwatumia wazazi wangu Kakamega shilingi 10,000. Hivi majuzi nilipimwa presha katika siku mbili tofauti, ikawa 146 kwa 92, kisha 148 kwa 94. Daktari akaniambia nipunguze uzito, nifanye mazoezi na nirudi baada ya mwezi. Sasa mkubwa wangu amenipa nafasi ya kusimamia kitengo kwa nyongeza ya shilingi 20,000, ila nitalazimika kufika kazini kila Jumamosi. Nimefikiria pia kuongeza mkopo wa Sacco ili nimalize nyumba, ingawa mke wangu hajui hasa deni lililobaki ni kiasi gani. Niyapange vipi mambo haya bila kuliacha moja likiharibika? — Baba Watatu, Roysambu.

JIBU: Ndugu Baba Watatu, shule hutuma ujumbe karo inapochelewa, Sacco hukata pesa zake kabla hujaziona, mkubwa wako hupiga simu, na wazazi nao hawakosi kusikika shida inapobisha hodi. Mwili na uzee havitumi ujumbe. Ndiyo sababu watu wengi wa rika lako, tena wenye bidii, huwaridhisha wote wanaodai kwa sauti, kisha wakafika miaka 55 wakiwa na presha iliyokwisha kudhuru figo na akiba isiyotosha hata mwaka mmoja wa kustaafu. Kwa hiyo sitakushauri uyagawie mambo yako muda na pesa sawa kwa sawa, kwa kuwa hayana haraka sawa. Yapo yanayoweza kungoja bila kuharibika, na yapo yasiyoweza, na nyumba ya Joska, ambayo naona ndiyo inayokunyima usingizi, ni miongoni mwa yale yanayoweza kungoja.

Nianze na presha. Vipimo vyako vyote viwili vimepita 140 kwa 90, kiwango ambacho kikijirudia katika siku tofauti huhesabiwa kuwa shinikizo la juu la damu. Mazoezi na kupunguza chumvi husaidia kulishusha, lakini havichukui nafasi ya dawa iwapo daktari ataona zinahitajika, na kutohisi maumivu si dalili ya uzima, maana ugonjwa huu huweza kuumiza mishipa, moyo na figo kwa miaka mingi pasipo mgonjwa kuhisi lolote. Rudi kliniki siku uliyopangiwa, hata ikiangukia wakati wa kufunga hesabu za mwezi.

Kuhusu mazoezi yenyewe, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na zaidi ya hapo mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Wewe tayari una nusu hiyo ya saa, ila huitumia ukiwa umeketi. Nadhani ukifika mjini hupanda matatu ya pili hadi Upper Hill. Iache. Shika njia ya Haile Selassie Avenue, uvuke Uhuru Highway, upande ule mlima hadi Community na kuendelea mpaka ofisini, kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza lakini usioweza kuimba nao. Kwa kuwa unatoka nyumbani mapema kiasi hicho, utafika kabla ya wenzako wengi, na kupanda kule kunautaka moyo ufanye kazi zaidi kuliko kutembea tambarare. Weka shati la kubadilisha katika droo ya meza. Alfajiri kukiwa bado na giza, fanya safari hiyo jioni wakati wa kushuka, barabara zikiwa zimejaa watu wanaotembea kama wewe.

Misuli nayo isisahaulike, kwa sababu baada ya miaka 40 hupungua polepole isipofanyishwa kazi, na hilo humfanya mtu anenepe hata kama hakuongeza chakula. Huhitaji kulipia ukumbi wa mazoezi. Sidhani kama kuna nyumba Roysambu isiyo na mitungi ya maji, kwa jinsi mifereji yetu inavyokauka inapotaka, na mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20. Anza na ule wa lita 5: ushike kwa mikono miwili kifuani, uchuchumae polepole hadi karibu na kiti, usimame, urudie mara 10, upumzike, ufanye tena. Usizuie pumzi unapoinuka, kwa kuwa kufanya hivyo hupandisha presha ghafla, na usihamie mtungi mkubwa kabla daktari hajakuruhusu. Jumatano na Jumapili zatosha, na watoto wakitaka kushiriki, vyema zaidi.

Nafasi ya kazi tuipime kwa hesabu, na wewe ni mhasibu. Katika nyongeza ya shilingi 20,000, hazina ya afya ya jamii itachukua asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, na kiasi kitakachobaki kitakatwa ushuru wa mapato wa asilimia 30, kwa hiyo zitakazofika mkononi ni kama 13,400. Ukienda kazini Jumamosi nne kwa saa tano, na safari ikachukua saa tatu kila mara, umetoa saa 32 kwa pesa hizo, yaani takriban shilingi 420 kwa saa. Sisemi uikatae. Cheo kina faida nyingine, hasa kwa mtu anayetarajia kuajiriwa kwa miaka 15 zaidi, na mtu wa miaka 44 anayekataa cheo mara mbili huenda asipewe cha tatu. Ninachosema ni kwamba masharti hujadiliwa kabla ya kutia sahihi, si baadaye. Mwombe mkubwa wako uende Jumamosi mbili kwa mwezi, au upewe alasiri moja ya katikati ya wiki badala yake. Na kama una siku za likizo ulizozilimbikiza, zichukue, kwa sababu siku 21 za kazi kwa mwaka ni haki ya mfanyakazi kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, wala si hisani ya kampuni.

Sasa nyumba. Sheria hiyo hiyo hairuhusu makato yote kwa jumla yazidi theluthi mbili ya mshahara, kwa hiyo katika 150,000 ni lazima ubakiwe na 50,000. Leo unabakiwa na 61,000, maana yake nafasi uliyo nayo ya kuongeza mkopo ni makato ya shilingi 11,000 pekee. Tuseme umeitumia yote. Toa pango la 28,000 na 10,000 za wazazi, na kilichosalia ni 12,000 kwa chakula, nauli, karo na dawa za presha, na hapo ndipo mikopo ya simu huingia mlangoni. Kuna jambo jingine ambalo barua yako haikuligusa, nalo ni kwamba ukihamia Joska utakuwa unaingia mjini kwa Kangundo Road, ukitoka mbali kuliko Roysambu. Pango utaliokoa, lakini sehemu yake itarudi kwenye nauli, na saa yako ya kuamka itarudi nyuma. Funika kuta vizuri zisinyeshewe, umalize mkopo uliopo kwanza, kisha upaue kwa akiba na si kwa deni jipya.

Nyongeza ikija, ielekeze kwanza kwa uzee wako. Tangu mwisho wa mwaka 2024, michango ya pensheni hadi shilingi 30,000 kwa mwezi, ikiwemo ile ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hutolewa kwenye mapato kabla ya kukatwa ushuru, hivyo shilingi 1,000 unayoongeza kwenye mfuko wa pensheni wa mwajiri wako hupunguza mshahara unaofika mkononi kwa takriban 700 tu. Pesa inayopata riba ya asilimia 10 kwa mwaka, riba ikiachwa ndani, huongezeka maradufu kwa kama miaka 7. Ukistaafu ukiwa na miaka 60, utakachoweka sasa kina muda wa kuongezeka hivyo mara mbili, lakini utakachoweka ukiwa na miaka 54 hakitapata muda huo hata mara moja.

Nimeacha kwa makusudi ile sentensi ya mke wako, kwa kuwa bila yeye mipango yote hii ni ya karatasini. Yeye pia ana mshahara, ana majukumu ya kwao, na huenda ana Sacco yake. Mtu asiyejua deni hawezi kuelewa kwa nini ujenzi umesimama, na atadhani umezembea au pesa zinakwenda kwingine. Chagua siku ambayo hakuna aliyechoka, umwekee mbele karatasi ya mshahara na taarifa ya Sacco, umwambie kiasi chote kwa mara moja. Deni linalofichuliwa kwa vipande huumiza zaidi kuliko lile linalotajwa lote. Halafu mwombe naye aseme yake. Kwa wazazi, usipunguze kitu kabla hujaketi na ndugu zako, ila mhakikishe kwa pamoja kwamba wamesajiliwa na SHA, yaani mamlaka ya bima ya afya ya serikali, na mchango wao wa mwaka umelipwa, maana mzee mmoja akilazwa hospitalini bila bima anaweza kumaliza akiba ya ukoo mzima kwa wiki moja.

SWALI: Nina miaka 49 na nina duka la nguo Gikomba. Mwaka jana nililipia ukumbi wa mazoezi kwa mwaka mzima nikaenda majuma machache tu. Siku hizi silali vizuri, huamka usiku nimeloa jasho, mwezi wangu umekuwa wa kubahatisha, na nimekuwa mkali kwa watoto na kwa wateja. Rafiki zangu wanasema ni uchovu wa biashara. Je, nimwajiri mkufunzi wa mazoezi aje nyumbani? — Mama Wawili, Donholm.

JIBU: Mama, uchovu wa biashara upo, lakini dalili ulizozitaja ni zile za kipindi cha kuelekea kukoma hedhi, ambacho wanawake wengi hukipitia kati ya miaka 45 na 55. Nenda ukamwone daktari au muuguzi wa kliniki ya wanawake na umweleze yote, ukosefu wa usingizi ukiwemo, kwa sababu tiba zipo na hakuna tuzo kwa anayevumilia. Hedhi ikiwa nzito kupita kawaida, au damu ikitoka tena baada ya kukoma mwaka mzima, usisubiri.

Mkufunzi anaweza kufaa, mradi umlipe kwa kila anapokuja na si kwa mwaka. Mwambie akufundishe mazoezi ya kubeba uzito, kwa kuwa mifupa ya mwanamke hudhoofika haraka zaidi baada ya hedhi kukoma na mazoezi ya aina hiyo husaidia kuilinda. Kubeba marobota dukani hakuhesabiki kama hujui kuinua bila kukunja mgongo. Na pesa ya kumlipa itoke katika mshahara unaojilipa mwenyewe kila mwisho wa mwezi, si katika droo ya duka. Ikiwa hujilipi mshahara, anza na hilo kabla ya mkufunzi.

SWALI: Niliachishwa kazi nikiwa na miaka 51. Nataka kutoa akiba yote ya pensheni nimlipie binti yangu karo ya chuo kikuu. Je, ni busara? — Msomaji, Kayole.

JIBU: La. Binti yako aombe ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ambao ataanza kuulipa baada ya masomo, akiwa na miaka mingi ya kazi mbele yake. Wewe hutapata bodi itakayokukopesha pesa za kula ukiwa na miaka 70. Waandikie wadhamini wa mfuko wako wa pensheni, uwaulize kwa maandishi ni sehemu gani kanuni zinakuruhusu kuitoa sasa na ni ushuru kiasi gani utakatwa, kisha utoe ile tu inayohitajika kuwatunza nyumbani hadi upate kipato kingine. Iliyobaki iache katika mfuko au uihamishie kwenye mpango binafsi wa pensheni uliosajiliwa na Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA.