Kabla hujaniuliza uanzie wapi kutengeneza gemu

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nina wazo la gemu, dunia yote wazi, mchezaji anakwenda anakotaka. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako umenikuta pazuri, maana usiku wa kuamkia siku ile, saa tisa, nilimaliza Jet Set Willy. Nimeisotea miezi kumi na moja. Mke wangu aliamka akauliza nashangilia nini, nikamweleza, akageukia ukutani akalala. Basi ngoja nikueleze wewe, najua utanielewa.

Gemu hii ilitoka 1984, kwa ajili ya ZX Spectrum, kompyuta ndogo ya Uingereza yenye vitufe vya mpira vinavyobonyea kama kifutio cha shule. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 48. Picha moja uliyopiga kwa simu asubuhi hii haiingii humo. Mtunzi ni Matthew Smith. Mwaka uliotangulia, akiwa kijana wa miaka 17 tu, alikuwa ametoa Manic Miner, ambamo Willy mchimba madini anapita mapango 20, moja baada ya jingine. Humu Willy keshatajirika. Kanunua jumba, kafanya sherehe, nyumba imevurugika, na Maria mtunza nyumba kasimama pale chumbani hamruhusu kulala hadi aokote vitu vyote. Viko 83. Vyumba ni 60, na unakwenda popote upendapo. Hiyo dunia wazi yako ilikuwa imeshakaa kwenye kaseti, maana miaka ile gemu zilipakiwa toka kaseti kama za muziki.

Mimi naishi Leicester, Uingereza, nalea wazee zamu za usiku. Mashine ni ya mzee jirani yangu, alinunuliwa na baba yake akiwa shule. Aliponiazima alinipa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imechorwa miraba midogo kwa kalamu za rangi. Gemu ilikuja na kadi ya rangi, ya kuzuia watu wasinakili kaseti; kabla ya kucheza kompyuta inakuuliza rangi za mraba fulani, na miaka ile mashine za kutoa kopi za rangi zilikuwa adimu. Kwa hiyo yeye na rafiki yake walikaa Jumamosi nzima wakinakili kadi kwa mkono. Sehemu moja bluu na zambarau zimefanana kiasi kwamba nilikuwa nabahatisha. Ukikosea mara mbili, unarudisha kaseti mwanzo, unasikiliza tena ile milio ya chuma ikisagana huku mistari ya rangi ikikimbia pembeni mwa skrini.

Halafu kifo. Unaruka, unakosa kamba, unadondokea chumba cha chini juu ya kitu kinachoua. Willy anafufuliwa, lakini pale pale alipoingilia, yaani hewani. Anadondoka tena. Anafufuliwa. Anadondoka. Roho zote zinakwisha huku umeshika kibodi unatazama tu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya ishirini nilitoka nje kupunga upepo.

Lakini nilichotaka kukuambia ni habari ya chumba cha darini, The Attic. Gemu ilipouzwa, haikuwa inamalizika. Mshale mmoja mle darini ulikuwa umewekewa njia isiyo sahihi: unapita ukingo wa skrini na kwenda kuandika juu ya kumbukumbu ya vyumba vingine. Ukishakanyaga darini, baadaye unaingia chumba kingine kabisa, unakufa papo hapo, hujui kwa nini. Wauzaji mwanzoni walisema ni makusudi, eti vyumba hivyo vimejaa gesi ya sumu. Baadaye wakakiri na kutoa POKE, amri za kubadilisha namba kwenye kumbukumbu, kurekebisha hilo na makosa mengine. Mzee alikuwa ameziandika kwa penseli ndani ya kasha la kaseti.

Niliposoma habari ya gesi ya sumu, uso uliniwaka. Maana na mimi nilishasema hivyohivyo.

Miaka mitatu iliyopita nilitoa gemu yangu ya simu, mtoto anaruka toka mtumbwi hadi mtumbwi akikusanya nazi. Hatua ya sita nazi moja niliiweka ndani ya ukuta. Haichukuliki. Mchezaji mmoja akaniandikia kwa adabu kabisa: "Kaka, ile nazi ya bandarini mbona haishikiki?" Nikamjibu: "Ni siri, endelea kutafuta." Akatafuta wiki mbili, masikini. Kisha kuna mtu mwenye wafuasi wengi akaipasua gemu, akaonyesha nazi ilivyozikwa, na jibu langu chini yake. Watu walicheka hadi leo wanacheka. Niliwapa kazi ya miezi minane wakaniita Bwana Siri. Nimeshasamehe, lakini sijasahau, na yule wa wafuasi wengi hajawahi kutengeneza hata gemu ya kuruka kamba.

Kwa hiyo unaanzia wapi? Cheza gemu yako mwenyewe hadi mwisho. Usimpe rafiki, usimpe mdogo wako, kaa wewe, okota kila kitu. Vijana wa siku hizi mnataka ramani kubwa kuliko Tanganyika na hamjawahi kumaliza hatua zenu tano. Punguza vyumba, kisha vicheze hadi mwisho. Na mtu akikuambia nazi haishikiki, nenda kaitazame kabla hujajibu. Kaitazame! Nami nilikuwa na muda wa kuitazama, nilichagua kujibu.

Usiku ule nilipookota cha 83, Maria alitoweka. Nikamsogeza Willy hadi kitandani, na hapo akanitoka mikononi, akakimbia mwenyewe hadi bafuni, akatumbukiza kichwa chooni, miguu juu. Nikapiga picha kwa simu. Asubuhi nikaenda kumwonyesha mzee, akaja mlangoni na ndara zake, akavaa miwani. Alikuwa hajawahi kuuona mwisho huo tangu utotoni.

"Alilewa," akasema, akaniomba nimtumie hiyo picha.